Bibi Geti na Mbio Zangu za Alfajiri

Ndugu msomaji mwenye mke, watoto, bosi na raba za kukimbilia, sogea karibu tuongee. Na wewe usiyekimbia baki tu, maana habari hii haihusu miguu peke yake. Inahusu nyumba, na nyumba yenyewe iko Chapwa, hapa Tunduma, pembeni ya barabara kuu iendayo Mbeya. Usiku wetu hauna giza la kutosha kwa sababu ya taa za malori, wala kimya cha kutosha kwa sababu ya breki zake za upepo. Mgeni akilala kwetu mara ya kwanza huamka kila breki inapoachiwa. Watoto wangu wakienda kijijini kwa likizo ndio hukosa usingizi, wanasema kumetulia mno.

Mimi ni karani wa uwakala wa forodha. Shaba inatoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mafuta na salfa vinatoka bandarini kwenda migodini huko, na kila lori lina karatasi zake, na kila karatasi ina watu wanaoisubiri. Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walifungua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, na sisi tuliokuwa tukivuka na bahasha mkononi tunajua tofauti yake. Lakini kompyuta zikisumbua hata nusu siku, foleni hurudi nyuma na kurudi nyuma. Dereva aliyekwama kwenye foleni hana saa ya kulala. Kwa hiyo na simu yangu haina.

Sasa nikujulishe wenyeji wangu, maana bila wao hakuna hadithi.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Watu humwita Mama Neema. Mimi nikitaka kumchokoza namwita Kifungu. Jina hilo lina asili yake. Mdogo wake alikuwa utingo wa lori, akasimamishwa kazi bila malipo, na mke wangu akaitafuta Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ili amtetee. Aliisoma yote. Kesi iliisha, sheria ikabaki humu ndani. Nikichelewa kurudi ananipokea na kifungu cha 19: saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku, na kazi ya ziada isizidi saa 50 katika wiki nne. Ananiwekea ugali mezani huku anahesabu kwa vidole.

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, ndiye Kocha. Alikuja kututembelea wakati wa Pasaka, na tumeshamzoea mno kumuuliza anaondoka lini. Sijawahi kumwona akikimbia hata kuwahi daladala, lakini hakuna jambo la mbio asilolijua. Ukimuuliza rekodi ya dunia ya mita 1500 aliyoiweka Filbert Bayi kule Christchurch mwaka 1974, anakujibu bila kuinua macho kwenye simu: dakika 3, sekunde 32 na nukta 2. Ukimuuliza nani kala kipande cha samaki kilichobaki, hana taarifa.

Neema yuko darasa la sita, na kwa kazi anayoifanya tunamwita Ripoti. Mdogo wake Baraka ni Kipenga, kwa sauti. Halafu yuko mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kamsamba huko Momba, Mnyamwanga halisi, mwanamke ninayempenda na kumheshimu kuliko ninavyoweza kuandika. Yeye ndiye Bibi Geti. Alipohamia kwetu alitangaza kwamba nyumba iliyo kando ya barabara ya malori lazima iwe na mwenye funguo mmoja. Akazifunga kwenye pindo la khanga yake, na hazijatoka huko tangu siku hiyo. Ukitaka kutoka kabla ya jua unaenda kugonga mlango wa chumba chake, unajieleza.

Nilianza kukimbia kwa sababu ya simu. Kulikuwa na kipindi mkono wangu ulikuwa ukiitafuta simu mfukoni hata isipoita. Nikawaza kwamba mtu akiwa mbioni ana ruhusa ya kutopokea, na hakuna bosi wala dereva atakayemlaumu. Saa moja ya alfajiri ambayo ni yangu. Ukiwa mzazi unaelewa uzito wa maneno hayo. Nikanunua raba za mtumba sokoni, za buluu, soli nene, zimevaliwa kidogo tu na mtu wa huko zilikotoka, nami nikazipenda hivyo hivyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa geti.

"Shikamoo mama. Naomba funguo."

"Marahaba, mwanangu. Saa hizi? Kuna msiba?"

"Hapana mama, naenda kukimbia."

"Anayekimbia gizani ni mwizi au anayefukuzwa na mwizi. Wewe ni yupi?"

Alifungua, ila baada ya kunivalisha sweta la Kocha na kunipaka mafuta puani. Huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa sita haichezi. Kila alfajiri tulirudia mazungumzo yale yale kwa maneno mapya, na mbio zangu zikawa zinaanza nikiwa nimeshachelewa.

Kikwazo cha pili sikukitarajia. Barabara yenyewe. Niliingia lami nikielekea upande wa Mpemba, malori yamepangana begani mwa barabara, matela yamelowa umande. Chini ya tela moja utingo alikuwa amechutama mbele ya jiko la mkaa, anasonga ugali kwenye sufuria iliyobanwa kwa miguu miwili, koleo likiwa limeshika sikio la sufuria. Dereva wake alikuwa anapiga mswaki kwa maji ya chupa. Aliponiona alitema povu haraka.

"Bosi! Bosi wa makaratasi! Gari yangu vipi?"

Nikampungia mkono. Mbele kidogo mwingine akashuka kabisa kwenye kibini, ana ndala na kikoi, akaanza kukimbia pembeni yangu. Aliniuliza habari za kibali chake cha Kongo, akaniambia mtoto wake amelazwa Morogoro, akaniomba nimsaidie atoke leo. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba uko mapumzikoni. Nilisimama tukaongea. Ile saa moja iliyokuwa yangu ikawa ofisi, tofauti yake ni kwamba nilikuwa nimevaa kaptula.

Nikahamia njia za mashambani. Huko, kati ya mahindi na maharage, nilipumua. Ukitoka mita chache tu kwenye lami, sauti za injini zinabaki nyuma, unasikia viatu vyako kwenye udongo na pumzi yako mwenyewe. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa mtu mwingine, na aliyekuwa wa kwanza kuona ni Ripoti. Alimwambia mama yake, "Baba akikimbia hakoromi." Wiki zile za mwanzo, kabla mbio hazijapata ratiba, nazikumbuka kwa shukrani ya kweli.

Ratiba ililetwa na Kocha. Aliitoa kwenye simu, akaichapisha stendi, akaibandika kwenye mlango wa jiko kwa gundi ya daftari la Kipenga. Jumanne kasi, Alhamisi vilima, Jumamosi mwendo wa wastani, Jumapili mbio ndefu kabla ya ibada. Lengo letu (aliposema "letu" alijigusa kifuani) likawa nusu marathoni, kilomita 21, kwenye Mbeya Tulia Marathon. Kocha alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu asimamishwe kazi. Alipata daftari, akapata kipenga cha kweli, akawa anaamka kabla yangu kunisubiri getini akiwa amejifunga blanketi. Nani angekuwa na moyo wa kumkatalia?

Hapo ndipo ninapotaka nikushike mkono, ndugu yangu, kwa sababu jambo hili linawapata watu wengi wanaokimbia na kufanya kazi, na wengi hawalitambui. Tunaambiwa mazoezi huondoa mawazo, na ni kweli. Ila mwili una daftari moja tu la madeni. Haujali kama deni limetoka ofisini, kwa mtoto aliyeumwa usiku, au kwenye kilima cha Alhamisi. Vyote unaviandika ukurasa ule ule. Ukitoka kazini umechoka, kisha ukakimbia mwendo wa pole ambao unaweza kupiga soga, unalipunguza deni. Ukitoka umechoka kisha ukaenda kuukimbiza muda wa kwenye ratiba, ukiwa umelala kidogo, unakopa tena. Na Kocha alikuwa ananipigia kipenga.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 hali ya mtu kumalizwa nguvu na kazi, wakati likikamilisha orodha yake ya kumi na moja ya magonjwa. Halikuiita ugonjwa. Lilisema ni hali inayotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukudhibitiwa, na likataja mambo matatu: nguvu kuisha, mtu kujitenga na kazi yake au kuichukia, na kuona kwamba hana tena uwezo wa kuifanya vizuri. Kifungu alinisomea hayo kitandani, akiwa amesimamisha kalamu nyekundu ya kusahihishia, na kila alipomaliza jambo moja alinitazama, kisha akaweka alama ya vema.

Kuanzia hapo akawa ananipima mapigo ya moyo kila asubuhi kabla sijainuka. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu. Wakimbiaji wanalijua hili: mapigo ya asubuhi yakipanda juu ya kawaida yako na kukaa huko, ujue mwili haujapumzika. Mengine yanayofuatana nalo ni usingizi wa mang'amung'amu, mafua yasiyoisha na hasira ya karibu. Yangu yalikuwa yamepanda. Aliyaandika pembeni ya ratiba ya Kocha, kwa wino mwekundu, na chini yake akajumlisha saa za ofisini na saa za mazoezi. "Hii ni kazi ya ziada," alisema. "Tena isiyolipwa." Kocha akajibu kwamba mwanariadha halisi hapimwi kwa wino. Mlango wa jiko ukawa uwanja wa dada na mdogo wake kuandikiana. Ripoti alinisomea kila toleo jipya nikirudi jioni.

Kilichomaliza ubishi ule hakikuwa hoja. Kilikuwa ni usafi wa mama mkwe.

Safari ya Mbeya ilikuwa imekaribia. Mwezi wa tano usiku wa huku umeshaanza kuuma, na nguo hazikauki kirahisi. Bibi Geti aliziona raba zangu za buluu zimejaa udongo mwekundu wa mashambani, akasema mkwe wake hataenda mbele ya watu wa Mbeya na viatu kama hivyo. Akaziloweka kwenye maji ya moto na sabuni ya unga. Akazisugua kwa brashi ya sakafu hadi zikawa na rangi ambayo sijawahi kujua kama zinayo. Kisha, kwa mapenzi, akaziegemeza kwenye jiko la mkaa ambalo bado lilikuwa na moto wa kuchemshia maharage, akaenda kulala.

Niliamshwa na harufu. Nilifika jikoni nikamkuta Kocha amepiga magoti, ameishika raba ya kulia kwa ncha ya kidole. Soli ilikuwa imejikunja juu mbele, gundi imetoka pembeni na kugandia kwenye ukingo wa jiko, na kati ya soli na kiatu ungeweza kupitisha mkono. Ya kushoto ilikuwa imeshikana na mfuniko wa sufuria. Maharage yenyewe yalikuwa na ladha ya raba mpaka mchana, na tuliyala, kwa sababu huwezi kumwaga maharage mbele ya mtu wa Kamsamba.

Bibi Geti alitoka chumbani, akatazama, akakaa kwenye kigoda. "Nimekuua, mwanangu," alisema. Sikuwa na neno la kumlaumu mtu aliyeamka usiku kunisafishia viatu. Nilichutama tukaanza kubandua mfuniko pamoja.

Kocha alitaka tuzifunge kwa gundi ya plastiki. Akaleta mfano wa John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu: marathoni ya Olimpiki, Mexico City, 1968, aliyeanguka, goti likafumuka, akaingia uwanjani gizagiza na bandeji mguuni zaidi ya saa moja baada ya mshindi, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. "Yeye na goti lile, sisi tunashindwa na soli?"

Kifungu alikuwa anachana nywele za Ripoti. Hakugeuka. "Akhwari alitumwa na nchi. Wewe mume wangu, nani kakutuma?"

Swali hilo lilinikaa. Nimeliwaza sana tangu siku ile, barabarani na ofisini.

Tulikwenda Mbeya, ndugu msomaji, lakini tulikwenda kwa masharti ya nyumba. Nitavaa raba za Kocha. Nitakimbia mwendo wa kuongea. Simu yangu atakaa nayo Kifungu. Na familia yote inakuja. Tukajaa kwenye Noah ya jirani na hotipoti la pilau, ndizi za kuchoma, jaba la maji, blanketi mbili, na kuku mmoja hai ambaye Bibi Geti alikuwa anampelekea dada yake Mbalizi. Tulipita Vwawa kungali giza. Mlowo Kipenga akataka kujisaidia. Kwenye mteremko wa Senjele Bibi Geti alisali kwa Kinyamwanga, kwa sauti, hadi dereva akapunguza mwendo, na nina hakika maombi yale yaliokoa pia magari mengine.

Nilianza mbio nikiwa nimezungukwa na watu wa kila namna: askari, wanafunzi wa vyuo, mama mmoja amejifunga mtandio juu ya fulana ya mbio. Niliongea na kila aliyetaka kuongea. Karibu na nusu ya safari nilimkuta mwalimu mmoja mstaafu, tukakimbia pamoja mpaka mwisho tukijadili mbolea ya ruzuku. Sijui muda wangu. Kocha anaujua, ameuandika, na kwa heshima ya mgeni nyumbani sijamuuliza.

Mambo makubwa yalikuwa yakitokea kwingine. Simu yangu iliita, kama kawaida yake, na Kifungu akaipokea.

"Halo, bosi, lile gari la salfa..."

"Siye bosi, ni mkewe. Baba Neema yuko kilomita ya kumi na tatu. Hajambo. Piga saa sita."

Aliwajibu wote hivyo. Aliwaambia kilomita niliyopo kwa kukisia saa, na walioitikia kwa hasira mwanzoni wakaanza kupiga tena kuuliza nimefika ya ngapi. Nilipovuka mstari alikuwa anaongea na dereva mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya Tunduma, akamwambia, "Huyo ameingia!" na nikasikia kwenye spika watu wa huko wakishangilia na honi ya lori ikilia. Nimefanya kazi mpakani miaka mingi. Sikujua kwamba madereva wale wanaweza kufurahi kwa ajili yangu.

Nikamtafuta mama mkwe. Hayupo. Kumbe Kocha alimwandikisha kilomita 5 bila kutuambia, na alikuwa ameingia na umati, khanga mbili kiunoni, kuku kwapani, maana hakumwamini Kipenga kumshikia. Alifika akitembea, akiwasalimia waliosimama pembeni wote, akisimama kabisa kumwamkia kila aliyemzidi umri. Walipomvisha medali aliigeuza pande zote mbili, akauliza kama hawadai irudishwe.

Medali hiyo ameivaa kanisani. Ameivaa kwenye vikoba. Tangu hapo, Bibi Geti akawa hafungui geti tena ili nipite. Anafungua ili tupite.

Nikuambie na habari ya usiku wa Simbu, maana ndio uliotia muhuri mabadiliko hayo. Septemba 15, 2025, Jumatatu, marathoni ya wanaume ya mashindano ya dunia, Tokyo. Kule asubuhi ya saa moja na nusu, huku kwetu saa saba na nusu usiku. Kocha na mimi tulikaa sebuleni gizani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, sauti tumeizima kwa ajili ya watoto. Mbio zilianza zikarudishwa, kwa sababu mkimbiaji mmoja wa Kenya aliondoka kabla ya ishara. Kocha alisema hiyo ni dalili. Ya nini, hakusema. Tukakaa hadi saa tisa na ushee. Waliingia uwanjani, Amanal Petros wa Ujerumani mbele, Alphonce Simbu wa kwetu Tanzania nyuma yake, na mita za mwisho Simbu akamfikia, na Petros akajirusha, na wakapita mstari pamoja: saa 2, dakika 9 na sekunde 48 kwa wote wawili. Picha ndiyo iliyoamua. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, yaani 0.03.

Ubao ulipoandika Tanzania juu, Kocha alipiga kelele ambayo sitaieleza. Kipenga akaamka akajibu kwa kelele yake. Ripoti akatoka amewasha tochi. Bibi Geti akatokea na mchi wa kinu, tayari kwa mwizi. Nje, dereva wa lori lililoegeshwa karibu na ukuta wetu akauliza kwa nguvu kama tuko salama, na Kocha akamjibu, "Dhahabu! Tumechukua dhahabu!" Dereva akashuka, geti likafunguliwa usiku wa manane kwa mara ya kwanza katika historia ya utawala wa Bibi Geti, akaingia na utingo wake, wakaonyeshwa marudio kwenye kopo la sukari. Kifungu akachemsha chai. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo ya dunia, na tuliipokea kwa mandazi ya jana.

Bibi Geti alitazama marudio yale akiwa amekaa, mchi umelazwa mapajani. Akauliza Simbu ni mtoto wa wapi. Singida. Akauliza anafanya kazi gani. Kocha akamwambia ni mwanajeshi wa JWTZ, na kazi aliyopewa ni kukimbia.

"Akimaliza mazoezi anafanya nini?"

"Analala, mama. Wakimbiaji wakubwa wanalala hata mchana."

Mama mkwe akanigeukia. Saa kumi ilikuwa inakaribia, na saa mbili nilitakiwa niwe mezani kwangu. "Huyu anakimbia kama kazi, akitoka hapo analala. Mkwe wangu anafanya kazi, anakimbia, halafu anaongea na simu. Analala lini?"

Hakuna aliyejibu. Dereva alitazama kikombe chake. Naamini namba yake ilikuwa miongoni mwa zinazopiga usiku. Kesho yake Kifungu aliandika barua ya likizo kwa niaba yangu, kwa mwandiko wake wa ubaoni, akitaja siku 28 ambazo sheria inampa mwajiriwa kila mwaka. Ofisi yangu, ambayo sitaitaja, ilinipa nusu kwanza. Kifungu ameziandika zilizobaki kwenye mlango wa jiko.

Sasa ratiba ya Kocha haipo. Tunatoka sisi wawili, mimi na mama mkwe, tukifuata njia ya mashambani, na mwendo ni wake. Anatembea kwa kasi, mimi nakimbia pole pole pembeni yake, nikimzidi narudi. Ananieleza mambo ya Kamsamba, mpunga wa bondeni, na Kifungu alivyokuwa mbishi tangu ana miaka minne. Mapigo yangu ya asubuhi yameshuka. Wino mwekundu umekuwa wa kijani. Siku nne za juma ndiyo hivyo. Siku moja naruhusiwa kukimbia peke yangu nipendavyo, hata kwa kasi, mradi usiku wake nimelala. Simu inalala kwenye kabati la vyombo mpaka chai. Kazi haijapungua, foleni ziko pale pale, ila naingia ofisini nikiwa na hamu ya kumsaidia mtu, na hamu hiyo ilikuwa imenitoka kabisa.

Ubishi uliopo hivi sasa ni wa Moshi. Kocha anataka twende Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Bibi Geti ameunga mkono kwa sababu anataka kuuona mlima kabla hajafa, na amesema kilomita 5 ni za watoto, safari hii anataka zaidi. Kifungu ameshapiga hesabu ya nauli ya watu sita kutoka Tunduma, karatasi iko mezani imefunikwa na sahani ili upepo usiichukue. Mimi nilipendekeza niende na Kocha tu, wengine watuone kwenye simu. Pendekezo hilo halikupata mtu wa kuliunga mkono, hata Kocha mwenyewe. Kinachojadiliwa jioni ya leo ni nani atabaki na kuku.